Ngoma Haikatai Mashine: Jibu kwa Wanaowafukuza Madijei

Kila mara tunapopanga sikukuu ya mila, neno moja hurudi mezani: madijei wasikanyage. "Ile haiko mila, iko makelele ya Wazungu," ndivyo wanavyosema baadhi ya wazee wetu hapa Uvira, na hata walimu wenzetu wenye diploma wanaitikia kwa kichwa. Sisi tunaoandika hapa hatukubali. Na tuseme mapema, hatuwapambi vijana. Wengine kati yao wanafungulia sono hadi usiku wa manane bila kumjali mgonjwa wala mtoto mchanga wa jirani, na hilo halina utetezi. Lakini sauti kubwa ni kosa moja, na kusema kwamba muziki huo hautuhusu ni kosa lingine, tena kubwa zaidi.

Unaolaumiwa zaidi ni ule wa brekibiti, yaani ule uliojengwa juu ya kipande cha ngoma kilichokatwa katika sahani ya zamani na kuzungushwa tena na tena. Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1973, mtaani Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc aliona kwamba wachezaji wanangojea pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Akatafuta sahani mbili zilizo sawa. Moja ikimaliza kile kipande, anafungulia nyingine, ngoma isikatike. Mkongomani gani atashangaa? Seben yetu ni nini basi? Mwimbaji anapumzika, gitaa linashika njia, atalaku anaita, uwanja unajaa. Hata bwana harusi aliyekaa kimya tangu asubuhi anasubiri seben.

Sasa tuvuke Kavimvira. Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi wapiga ngoma wa Burundi, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, na sahani ikatolewa na Ocora mwaka uliofuata. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa aliyejiita Mike Steïphenson alizichukua ngoma zile, akaongeza gitaa na kinanda, akatoa "Burundi Black". Ikauzwa Ulaya. Mwaka 1975 Mkanada Joni Mitchell akazungusha kipande cha rekodi ileile chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zikaiga mdundo huo hadi ukapewa jina, mdundo wa Burundi. Hatusemi brekibiti ilizaliwa Gitega, la hasha. Tunasema kazi hii ya kukata ngoma na kuizungusha ilikwisha fanywa kwa ngoma ya ziwa letu, wakati vijana tunaowafukuza leo hawajazaliwa. Na ilifanywa na wageni.

Waliopiga ngoma zile walikuwa akina nani? Kwenye "Burundi Black" lilisomeka jina la Mfaransa na jina la nchi, basi. Huko Marekani mambo hayakuwa tofauti. Gregory Coleman wa The Winstons alipiga sekunde chache peke yake katika "Amen, Brother" ya mwaka 1969. Sekunde hizo zikawa uti wa mgongo wa muziki wa jungle kule Uingereza miaka ya 1990. Coleman alikufa mwaka 2006, na kwa kipande kile hakulipwa. Kumbe mwizi hakuwa mashine. Mwizi ni yule anayechukua bila kuandika jina.

Wako wanaodhani dawa ni kufunga mlango. Burundi, baada ya ngoma zake kuingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, ilitoa amri mwaka 2017: wanawake wasizipige, na anayetaka kuzionyesha katika sherehe alipe faranga 500,000 kwa siku. Rekodi ya mwaka 1967 haikurudi nyumbani kwa amri hiyo.

Wakati huohuo Wakongomani wenzetu wanafanya kazi hii Kampala, katika lebo ya Hakuna Kulala. Rey Sapienz na kundi lake walitoa "Na Zala Zala" mwaka 2021, mashine na ngoma pamoja. Kwa nini aende mbali mtoto wa Mulongwe au Kalundu anayejua kutumia kompyuta?

Tunachodai ni hiki. Chama kiwarekodi wapiga ngoma wetu, Wavira, Wafuliru, Wabembe, na Warundi wa uwanda wa Ruzizi pia. Kiandike majina yao, kijiji, jina la ngoma na siku inapopigwa. Zile za matambiko zinazokatazwa kutoka nje, wenye ngoma wenyewe waseme, na zibaki. Nyingine wapewe madijei wetu kwa karatasi iliyotiwa sahihi, jina la mpigaji liandikwe, na pesa ikipatikana, agawiwe. Nakala zisikae katika nyumba moja: Aprili 2020 tuliona Mulongwe ilivyozoa nyumba kwa usiku mmoja. Na katika sikukuu ijayo meza ya dijei iwekwe uwanjani, kando ya ngoma, mzee aanze, kijana amjibu. Anayepinga aje mkutanoni atwambie ni nani mwingine atakayezirekodi.