KM.zip ni nini hasa?
Mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema jina la faili si tatizo ilimradi linafunguka, hapana, nakupinga. Kwetu ofisini kuna mtu alitupia KM.zip kwenye grupu la WhatsApp, bila salamu wala maelezo. Mhasibu akashikilia kwamba ni kilomita za magari, maana mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Sekretari akasema kumbukumbu za mkutano. Dereva naye akauliza kama Katibu Mkuu anakuja, ili aoshe gari mapema. Kulifungua, tukakuta picha za kitambulisho cha mtu asiyetuhusu na folda tupu iliyoandikwa "mpya". Na aliyetuma kimya!

Na nyie mnaosema hapo juu eti .zip ni .zip tu, tangu Mei 2023 Google wanaruhusu watu kusajili anwani za tovuti zinazoishia na .zip. Ukiandika ripoti.zip kwenye ujumbe, programu nyingine inaweza kuigeuza kiungo, na mwenye kiungo hicho huenda ni tapeli. Halafu docx na apk nazo kwa ndani ni zip. Ukizifungua kwa programu ya maandishi matupu utaona PK pale mwanzo kabisa, herufi za Phil Katz aliyeanzisha muundo huo mwaka 1989. Kwa hiyo ukitumiwa faili la herufi mbili, mpigie simu mhusika kabla hujaligusa. Nanyi mnaotuma, andikeni basi hata mwezi na mwaka.