Siku ya Tatu, Mpeni Jembe

Kuna maneno ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania huyasikia tangu siku anapofunga begi kuondoka nyumbani: wewe kazi yako ni kusoma tu. Anaambiwa na baba, anaambiwa na mjomba aliyechangia ada, na akifika chuoni mhadhiri anayakazia. Wanaoyasema wana nia njema. Lakini maneno hayo si ya kweli, na kwa kijana asiye na mtu wa kumtumia pesa kila wiki, ni maneno ya kikatili.

Yalikuwa kweli zamani. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Nchi ilikuwa na kiu ya wasomi. Serikali iliwalisha, iliwalaza, na ajira zikawa zinawasubiri. Kwa mwanafunzi yule, kazi ilikuwa kusoma tu. Huyu wa leo anakula kwa mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humpa aliyebahatika hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Wapo wanaopewa kipande tu cha mkopo, na wapo wasiopewa kabisa. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likichelewa, chumba kizima kinaishi kwa sufuria moja ya ugali. Kijana anayekopeshwa hadi chakula cha mchana hawezi kuambiwa kwamba fedha si jambo lake.

Ndiyo maana wanafunzi wanafanya kazi tayari, tupende tusipende. Pita hosteli yoyote: mmoja anauza mitumba kitandani kwake, mwingine anasuka wenzake, mwingine ni wakala wa pesa za simu, mwingine anapiga picha za mahafali. Wengine hupanda daladala jioni kwenda kuhudumu kwenye kumbi za harusi na baa, warudi usiku wa manane wakati kipindi cha saa moja asubuhi kinawangoja. Na wapo wanaoandika ripoti za fildi na tafiti za wenzao kwa malipo. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote. Chuo kimekataa kumlipa kijana hadharani kwa akili yake, naye ameamua kuiuza kwa siri, tena kwa kazi inayoharibu thamani ya shahada yenyewe.

Imani hii kwamba mwanafunzi kazi yake ni kusoma tu imetoka wapi? Mimi naitafuta shuleni. Mtoto wa shule ya msingi akichelewa paredi, anapewa eneo la kufyeka. Akishindwa hesabu, anachota maji. Akipiga kelele darasani, anachimba shimo la taka. Anayefaulu anabaki kivulini na daftari lake. Kwa miaka 13, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, mtoto huyu anafundishwa kwamba jembe na fagio ni malipo ya aliyeshindwa kusoma. Kisha akifika chuo kikuu anaona haya kuonekana na wenzake akipanga vitabu rafuni au akifuta meza ya kantini. Haya hiyo hakuzaliwa nayo. Tumempa sisi, na mzazi anapomwambia asome tu, anaizidishia mizizi.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alipinga elimu inayomtenga msomi na watu wanaofanya kazi, akataka wanafunzi wafanye wenyewe shughuli nyingi ambazo watu wengine waliajiriwa kuwafanyia. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ukaliua. Katika shule nyingi kazi ilikuwa ya lazima, haikuwa na ujira, mwanafunzi hakujua mavuno yamekwenda wapi, na mwishowe ikageuka kuwa ile adhabu niliyoitaja. Ninachodai ni kitu kingine: kazi ya hiari, yenye mkataba na malipo, ndani ya uzio wa chuo.

Wenzetu walifika huko zamani. Lyndon Johnson, kabla hajawa rais wa Marekani, alisoma chuo cha ualimu mjini San Marcos, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1920. Alijilipia kwa kazi za hapo hapo chuoni: alianza na usafi, akapanda hadi kusaidia katika ofisi ya mkuu wa chuo. Mwaka 1964 alitia saini sheria ya kupambana na umaskini, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kuwalipa wanafunzi wanaofanya kazi wakiendelea na masomo. Mpango huo upo mpaka leo. Huko Kentucky, Chuo cha Berea hakijatoza ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi wake ana kazi chuoni.

Watanzania wanalijua hili vizuri, kwa sababu watoto wao wamelipitia. Mwanafunzi wa kigeni Marekani anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mzazi ambaye mwanawe anaosha vyombo kwenye kantini ya chuo Minnesota husimulia kwa fahari kwamba kijana anajitegemea. Mzazi huyo huyo akisikia binti yake wa Dodoma anabeba sinia kantini, anapiga simu kumuuliza amekosa nini. Kazi ni ile ile. Siwezi kukubali kwamba iwe heshima ng'ambo na fedheha nyumbani.

Wahadhiri watasema muda hautoshi, na alama zitashuka. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo kazi ni nyingi na iko mbali. Alexander Astin, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia maelfu ya wanafunzi, alionyesha katika kitabu chake cha 1993 kwamba kazi ya muda nje ya chuo iliendana na wanafunzi kukatiza masomo, lakini kazi ya saa chache ndani ya chuo iliendana na wao kuyamaliza. Sababu haihitaji utafiti kuelezeka. Anayefanya kazi maktaba anaingia zamu kati ya vipindi viwili, hapotezi saa mbili kwenye foleni ya Kariakoo, na msimamizi wake anaijua ratiba ya mitihani. Zaidi ya hapo, anajulikana. Akikosekana siku tatu, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wetu anakaa chuoni miaka mitatu au minne akiwa mgeni, kisha anaingia mtaani na kukuta tangazo la ajira linadai uzoefu wa miaka mitatu. Wiki nane za fildi hazijazi pengo hilo. Muda wote huo, chuo alichosoma kilikuwa na kazi tele bila mtu wa kuzifanya: maabara inafungwa jioni kwa kukosa msimamizi, vitabu vimerundikana bila kurudishwa rafuni, dawati la TEHAMA lina foleni, wanafunzi wapya wanazunguka na fomu bila mtu wa kuwaelekeza, wanafunzi wasioona wanahitaji mtu wa kuwasomea.

Ipo hoja moja inayonipa shida kweli. Mama anayefagia kumbi za mihadhara ana watoto, na kampuni ya usafi haitasita kumwondoa ikipata kijana wa bei rahisi. Kwa hiyo nasema wazi: tusianzie kwake. Tuanzie kwenye kazi ambazo leo hazifanyiki kabisa, na isiruhusiwe mfanyakazi yeyote kupunguzwa ili mwanafunzi aingie. Chuo kinachotaka vibarua rahisi hakinihitaji mimi kukitetea.

Kenya wamekwishajaribu: vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta vina mipango ya kuwapa wanafunzi kazi kwa malipo. Mipango ya namna hii mara nyingi huwalenga wahitaji, na hapo ninatofautiana nayo kidogo. Maskini apewe kipaumbele, naam. Lakini kazi ikiwa ya maskini peke yao, shati la zamu litakuwa tangazo la umaskini wa aliyelivaa. Mtoto wa mkurugenzi naye apange vitabu.

Vyuo vyetu vinaweza kuanza muhula ujao. Nafasi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, zisigawiwe kwa kujuana. Saa zisizidi 15 kwa wiki, na zisimame wiki za mitihani. Ujira ulipwe kila mwezi, kwa simu au benki. Mwanafunzi akimaliza apewe barua inayoeleza alichofanya, isainiwe na aliyemsimamia. Na Bodi ya Mikopo itamke kwa maandishi kwamba shilingi aliyoipata kwa jasho lake chuoni haitapunguza hata senti moja ya mkopo wake.