Nani atunziwe nyumba Tabora?

Nyumba ya kale inayotajwa kuliko zote Tabora ni ya mtu aliyekaa humo kama mgeni, tena kwa miezi sita tu. Tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lilimpokea mpelelezi David Livingstone Februari 18, 1872, akitoka Ujiji pamoja na mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley. Stanley aliondoka kwenda pwani Machi 14. Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi ambao mwenzake angewatuma, na Agosti 25 akafunga safari yake ya mwisho. Waliomkaribisha, waliompikia na waliombebea mizigo wakaendelea na shughuli zao. Jina lililobaki mlangoni ni lake.

Ukiuliza nyumba za wenyeji, majibu yanakuwa mafupi. Mtemi Mirambo, aliyeitikisa njia ya misafara kuanzia mwaka 1871 hata Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, wakaingia vitani naye (Stanley mwenyewe alijiunga na vita hiyo, kisha akatimua mbio pamoja na walioshindwa), alikuwa na makao yake Iselamagazi, Urambo. Alifariki Desemba 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani ya ngome Januari 1893, Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipokuwa wamekwisha kuingia. Wote wawili wamo kwenye vitabu vya historia. Mirambo amepewa hata kambi ya jeshi na shule ya sekondari. Walichokosa ni ukuta ambao mgeni anaweza kusimama mbele yake akaambiwa: hapa ndipo.

Sababu moja ni udongo wenyewe. Ngome za watemi zilijengwa kwa miti, matope na boma la magogo, na vita vilimaliza ambacho mvua na mchwa havijamaliza. Lakini tembe la Kwihara nalo ni la udongo. Limesimama hadi leo kwa sababu kuna waliotaka lisimame, wakalikarabati. Paa la tope likiachwa misimu michache bila kusiribwa, nyumba inarudi kuwa kichuguu.

Sababu nyingine imo ndani ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalipa ulinzi wa moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililokuja baadaye linahitaji tamko la waziri. Mwaka huo unaonekana mdogo kwenye karatasi, lakini Tabora una uzito wa pekee. Mirambo alipanda kuelekea mwisho wa miaka ya 1860, Isike akashika utemi wa Unyanyembe katikati ya miaka ya 1870, na Wajerumani wakafika baadaye zaidi. Yaani karibu kila kilichojengwa na kiongozi yeyote wa magharibi mwa Tanzania ambaye mwanafunzi wa leo anamjua kwa jina kiko upande wa pili wa mstari, kikisubiri mtu mwenye mamlaka akikumbuke.

Kwa mantiki hiyo hiyo, hata shule aliyosoma Julius Nyerere iko upande huo.

Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Mtemi Burito na Mugaya Nyang'ombe, na ni Butiama ambako kumbukumbu yake imewekwa. Makumbusho yenye jina lake ilifunguliwa huko Julai 1999, miezi mitatu kabla hajafariki London, na kaburi lake liko Mwitongo, nyumbani kwa ukoo. Wanaokwenda huko huona zawadi alizopewa katika safari za dunia, nyumba alimoishi baada ya kung'atuka, na miamba aliyochezea utotoni. Ni ziara yenye heshima yake. Lakini mtu akiuliza jinsi kijana mchunga mbuzi alivyopata kuwa kiongozi wa nchi, miamba haiwezi kumjibu.

Ugumu huu si wa Butiama peke yake. Kule Kentucky, Marekani, kuna jengo la granaiti na marumaru lenye ngazi 56, na ndani yake kibanda cha magogo cha Abraham Lincoln. Kwa miaka mingi waliozuru waliamini kwamba ndimo alimozaliwa mwaka 1809, mpaka wataalamu walipopima pete za miti ya magogo hayo na kukuta kwamba ilikatwa Lincoln akiwa mtu mzima. Sasa wasimamizi wenyewe wanakiita kibanda cha ishara. Na kule Gori, Georgia, kijumba cha fundi viatu alimolelewa Josef Stalin kimejengewa juu yake banda la nguzo, karibu na makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1957. Vibanda viwili vya kimaskini, kila kimoja ndani ya hekalu lake, na simulizi ni ile ile: tazameni alikotoka. Mmoja wa watu hao alikomesha utumwa katika nchi yake. Mwingine alijaza kambi za kazi za kulazimishwa. Nyumba ya utotoni haiwezi kumweleza mgeni tofauti hiyo. Inaeleza umaskini tu, na umaskini ni malezi ya watu wengi ambao hawakuongoza chochote.

Hapo ndipo Tabora inapokuwa na mali ambayo Butiama haina.

Mwaka 1937 Nyerere, akiwa na miaka kama 15, aliletwa katika shule ya serikali ya Tabora kutoka Mwisenge, Musoma. Njia ya kawaida ilikuwa meli hadi Mwanza, kisha treni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1928. Reli hiyo ilikutana Tabora na ile ya kati, iliyofika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikifuata kwa kiasi kikubwa mapito ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mji uliokuwa kituo cha pembe na watumwa ukageuka kituo cha wanafunzi. Shule ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa nia iliyo wazi: kuwaandaa watoto wa machifu ili wakirudi kwao waendeshe utawala wa Mwingereza kwa lugha ya Mwingereza. Kulikuwa na mabweni, viranja, michezo, na nidhamu iliyoigwa kwa shule za mabwana wa Uingereza.

Nyerere alikaa humo hadi mwaka 1942, mwaka ambao baba yake alifariki. Inasimuliwa kwamba alipinga viranja kupewa mgawo mkubwa wa chakula kuliko wenzao. Hata ukiipunguza hadithi hiyo chumvi, swali lililokuwa ndani ya mabweni yale linabaki: je, aliyezaliwa mkubwa apakuliwe zaidi?

Jibu lilikuja miaka 20 na ushei baadaye, na lilikuwa kali. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere, mtoto wa mtemi, ilifuta utemi kisheria. Miongoni mwa walioondolewa vyeo alikuwamo Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe tangu mwaka 1957, aliyekuwa ameshika wizara ya sheria katika serikali ya uhuru. Fundikira naye alisoma shule hiyo hiyo ya Tabora, na Makerere baada yake. Utawala wa chama kimoja ulipokwisha mwaka 1992, alirudi uwanjani na chama cha upinzani. Shule iliyojengwa ili izae machifu bora ilimtoa aliyeufuta uchifu na ikamtoa chifu aliyefutwa, kisha ikaendelea kupiga kengele ya asubuhi kama kawaida. Mwandishi wa tamthilia angeona haya kubuni mkasa uliolingana namna hiyo. Rashidi Kawawa, waziri mkuu baada ya Nyerere kujiuzulu nafasi hiyo Januari 1962, naye ni wa shule hiyo.

Na Tabora ya Nyerere haikuishia kwenye shule ya serikali. Alirudi mwaka 1946 akitoka Makerere, akafundisha St Mary's, shule ya Wakatoliki mjini hapo, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika miaka hiyo yeye na mwalimu mwenzake Andrew Tibandebage waliliendesha tawi la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Kwa muda mfupi pia alikagua bei za maduka kwa niaba ya serikali. Mji ukampokea tena Januari 1958, safari hii akiwa rais wa TANU, katika mkutano ambao wajumbe wengi walifika wakiwa wamekwisha kuamua kususia uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere aliwageuza. Zuberi Mtemvu hakugeuka, akaenda kuanzisha chama chake. Uamuzi huo, ambao TANU iliuita wa busara, ndio uliokipeleka chama kwenye ushindi wa 1958 na 1959.

Kwa hiyo, kama nia ya kutunza nyumba ya kiongozi ni kueleza uongozi unavyofinyangwa, bweni la Tabora lina haki ya kutunzwa kuliko kibanda chochote cha uzawa, na lina haki hiyo hata mbele ya tembe la Kwihara.

Pingamizi lipo, na la kwanza ni zito. Shule ile inasomesha. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejiandaa kwa mtihani hahitaji watalii dirishani, na mkuu wa shule mwenye bajeti finyu atakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini fedha iende kwenye kibao cha kumbukumbu wakati vyoo na vitanda vinasubiri. Jibu lake ni kwamba jengo lililotangazwa kuwa urithi halilazimiki kuwa makumbusho. Linaweza kubaki bweni, likalindwa tu lisibomolewe wala kubadilishwa sura ovyo. Wageni wafike wakati wa likizo, kwa miadi, wakitembezwa na wanafunzi wa somo la historia, na kiingilio kiende kwenye paa na mabomba. Kuzuru shule iliyo hai kuna faida moja ambayo makumbusho haina: ratiba ya sasa iko ukutani, na mgeni ataona mwenyewe kama viranja bado wanapakuliwa zaidi.

Pingamizi la pili linawagusa wanaochoshwa na kumsifu Mwalimu kwa kila jambo. Wana hoja. Gori inaonyesha jinsi nyumba ya utotoni inavyoweza kutumiwa kufunika mengine. Ila bweni lina wengi, na ndiyo nguvu yake. Huwezi kusimulia habari za Nyerere pale bila kumtaja Fundikira aliyeachana naye. Ukifika kwenye mkutano wa 1958, huna budi kumtaja pia Mtemvu aliyekataa. Mahali penye sauti zaidi ya moja si rahisi kupageuza madhabahu ya mtu mmoja.

Tembe la Kwihara halina haja ya kushushwa ili bweni lipande. Linahitaji kusimuliwa upya. Oktoba 1873 watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walifika Unyanyembe wakiwa na mwili wake, walioukausha na kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia marehemu, akawashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Katika habari zote za Kwihara hakuna uamuzi mzito kuliko huo, na haukufanywa na mtu ambaye jina lake liko mlangoni. Tangu mwaka 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali iliyowasilishwa na Tanzania UNESCO, ikiwa kituo kimojawapo cha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Nyumba inayoombewa hadhi kwa ajili ya waliopita wakiwa wamefungwa minyororo haiwezi kuendelea kuzungumza habari za mpelelezi mmoja na mwandishi wa gazeti aliyemtafuta.

Kwa Isike na Mirambo kazi ni ngumu zaidi. Kujenga ngome mpya ya kuigiza kungekuwa kurudia kosa la Kentucky, na kumchora Mirambo kama mpigania uhuru asiye na doa kungevisahau vijiji vilivyoonja ukali wa rugaruga, wapiganaji wake. Hapo wa kutangulia ni waakiolojia, wapime mahandaki na misingi iliyobaki chini ya ardhi, na tamko la waziri liambatane na ramani yenye mipaka. Manispaa ya Tabora na Halmashauri ya Urambo zinaweza kuanza na hatua isiyohitaji hata wafadhili: kuyaweka maeneo hayo kwenye mipango yao ya ardhi kabla ya kugawa viwanja.