Unga wa vijidudu: tupime kwanza, tununue nyuma



Kuko koperative moja tunayoifuata yenye depo ya zamani, ambamo DDT ilikuwa inawekwa. Sasa mchuuzi mmoja amewaletea unga wa vijidudu, eti utakula sumu yote ya pale katika miezi 3, kisha wapande mboga. Wako tayari kutoa pesa ya mavuno. Sisi waagronome tunasema: musitoe bado.

Hatukatai kama vijidudu vinakula sumu. Bakteria za udongo zinafanya ile kazi, lakini polepole sana: DDT inaweza kuchukua miaka 2 mpaka 15 ili nusu yake tu ipotee. Ndiyo maana tunauliza, huko kupotea kumepimwa namna gani?

Mchuuzi alionyesha karatasi ya laboratware: DDT imeshuka. Lakini karatasi haina mstari wa DDE. Penye hewa, vijidudu mara nyingi vinageuza DDT kuwa DDE, na hiyo nayo inakaa miaka mingi, inaingia katika mafuta ya maziwa na katika mayai ya kuku. Ukivunja noti ya franka 10.000 upate noti za 1.000, ile kubwa haiko tena mfukoni. Je, pesa imeisha?

Tena hapakuwa na udongo wa kulinganisha. Sumu inapungua hata bila unga: nyingine inapanda hewani, nyingine inashikamana na udongo mpaka laboratware inashindwa kuitoa. Basi tuchanganye vizuri udongo wa depo, tuugawe katika ndoo 3. Moja itiwe unga, ya pili isitiwe kitu, ya tatu iwe na udongo uliopikwa ili vijidudu vife (upikwe ku laboratware, si ku sufuria ya nyumbani, mvuke wake ni mubaya). Mayi sawasawa, kivuli kimoja. Tupime DDT, DDE na DDD siku ya kwanza na kisha miezi 3. Kama ndoo ya unga haikuipita ya pili, unga haukufanya kitu.

Wengine wanasema: tupande maharagi, yakiota udongo ni safi. Hapana. DDT ni dawa ya kuua wadudu, maharagi yataota ndani yake vizuri tu.

Bei ya laboratware ni kali, tunajua. Alipe mchuuzi, ndiye anayejisifu. Na kuku wafungwe mbali na ile depo kuanzia leo.