Kampango, Mzazi wa Ziwa Nyasa

Wengi wetu twamjua kambale sokoni au chunguni tu. Leo twataka kuwaeleza habari za jamaa yake mmoja, jina lake kampango. Makao yake ni Ziwa Nyasa, ambalo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi, pamoja na mito inayoungana nalo. Mahali pengine duniani hapatikani. Hana magamba, ana sharubu ndefu, na urefu wake waweza kukaribia meta moja.

Ajabu yake ni malezi. Mume na mke hutengeneza kiota mchangani chini ya maji, nao hukilinda pamoja. Watoto wakiisha kuanguliwa, mama hutaga mayai mengine yasiyotoa watoto, nayo huwa chakula chao. Baba naye hutoka, akakusanya wadudu wa majini kinywani, akarudi kuwalisha. Tena mara nyingi huonekana kiotani humo vitoto vya samaki wa jamii nyingine, navyo hulindwa vilevile.

Lakini uaminifu huo ndio unaomponza. Mzazi asiyeondoka kiotani ni rahisi kuvuliwa. Naye akiisha kuvuliwa, watoto hubaki bila mlinzi, wakaliwa na samaki wengine. Hivyo ndoana moja yaweza kuangamiza nyumba nzima. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1960 meli za uvuvi zimeburura nyavu chini kabisa kusini mwa ziwa, na nyavu za macho madogo huchukua hata wachanga. Mwaka 2018 shirika la IUCN, linaloangalia hali ya viumbe duniani, lilimhesabu kampango miongoni mwa wale walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Je, tumlaumu mvuvi? Yeye naye ni mzazi. Watoto wake wangoja chakula na ada ya shule. Haitoshi kumwambia, "Acha!" Yafaa wavuvi wapatane wenyewe kutovua penye viota, na kutumia nyavu za macho makubwa. Ni kweli, kwa muda kitoweo kitapungua nyumbani. Lakini kampango waliolelewa hata wakakua ndio watakaovuliwa na watoto wao.

Nanyi wanafunzi mnaokaa kando ya maziwa yetu, waulizeni wazee: ni samaki gani waliovuliwa zamani, ambao leo hawaonekani? Andikeni majina yao, mkayasome jioni mbele ya baba na mama.