Kabla ya Kumjazia Sahani

Wazazi wengi wakisikia kwamba kijana anajinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hucheka. Huo, husema, ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Hata kwetu wapo mabinti, na wavulana pia, wanaoonja kijiko kimoja na kusukuma sahani, au wanaokula kupita kiasi kisha wakaenda chooni kujitapisha. Wengine hujificha nyuma ya mfungo, ingawa sheria ya Kanisa haimlazimishi kufunga aliye chini ya miaka 18, wala mgonjwa.

Siku binti anapogundulika, nyumba nzima humgeukia. Baba anafoka, “Kula!” Mama anampakulia wali hadi ukingoni, shangazi analeta chai yenye sukari tele. Nia ni njema. Lakini kwa mtu aliyekaa majuma kadhaa bila kula ipasavyo, shibe hiyo ya ghafla yaweza kumdhuru, hata kumuua.

Mwili hutumia vitamini B1, yaani thiamini, kugeuza wanga na sukari kuwa nguvu. Akiba yake hutosha majuma mawili au matatu tu, na anayejitapisha huishiwa upesi zaidi. Wali mwingi ukiingia, ile thiamini kidogo iliyobaki humalizika, na ubongo na moyo hukosa. Madini ya fosfeti na potasiamu nayo hushuka katika damu. Mgonjwa huyumba akitembea, macho humchezacheza, huona vitu viwili viwili, huchanganyikiwa. Majirani husema amerogwa. Asipotibiwa mapema, kumbukumbu yaweza kuharibika kabisa.

Mchele mweupe hasa ni maskini wa thiamini, kwa kuwa huondoka na pumba. Miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakipooza, na waliorudishiwa mchele wenye pumba wakipona. Dona, maharage na karanga ni bora zaidi.

Kwa hiyo, wazazi, mpelekeni hospitali kwanza. Mwelezeni daktari wazi hajala vizuri kwa siku ngapi, na kama anajitapisha. Aibu isiwazibe midomo. Hupewa thiamini kabla ya chakula, mara nyingi kwa sindano, kisha hulishwa kidogo kidogo huku damu ikipimwa. Vidonge vya vitamini vya dukani peke yake havitoshi, wala havimwondolei ile hofu. Akirudi nyumbani, mtu mmoja anayempenda akae naye nusu saa hivi baada ya kula, wazungumze lolote isipokuwa uzito wake.