MIEZI MITATU SI MIEZI SITA

Ndugu wanachama,



Ukurasa huu kwa kawaida husema juu ya mishahara, ovataimu, nyumba na nguo za kazi. Leo twataka kusema juu ya maziwa ya mama. Twajua wako watakaocheka na kuuliza, "Hayo ni mambo ya wanawake na manesi, chama cha wafanyakazi kimeingiaje?" Twawaomba wasome mpaka mwisho, kisha waamue wenyewe kama hili si jambo la kazi na mshahara.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Baba apewa wiki mbili, naye kwa mshahara kamili. Lakini Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya wasema mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kwa miezi sita. Kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Haya, toa tatu katika sita. Imebaki mitatu. Katika miezi hiyo mitatu mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani. Nani atamnyonyesha?

Mama akaaye Likoni na kufanya kazi Changamwe akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi feri, kisha matatu, na jioni akapanga foleni ile ile mpaka kufika kwake saa moja ya usiku, amekuwa mbali na mtoto wake kwa muda wa saa kumi na nne. Wa Kisauni naye ana msongamano wa daraja la Nyali. Wa Chaani au Magongo aweza kufika kwake kwa miguu, lakini akiisha kuingia langoni hatoki tena bila karatasi ya ruhusa.

Na yafaa tufahamu jinsi ziwa linavyofanya kazi. Ziwa si tangi la kujazwa asubuhi na kutumiwa jioni. Maziwa huja kwa kadiri yanavyotolewa: mtoto akinyonya sana, hutengenezwa mengi, yasiponyonywa wala kukamuliwa, ziwa huvimba, huuma, pengine hufanya jipu, kisha maziwa hupungua siku hata siku. Ndipo majirani husema, "Masikini, maziwa yake yamekauka." Mara nyingi yaliyokausha maziwa hayo ni saa za kazi.

Mtoto aliyebaki nyumbani hupewa maji, uji mwepesi, au maziwa ya kopo yaliyotiwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Na maji yenyewe ni yale tunayonunua kwa mtungi, wala hatujui yamepita wapi. Mtoto aharisha. Mama aomba ruhusa, akatwa siku. Baba akopa nauli na pesa za dawa. Je, hilo si jambo la mshahara?

Wazee wa chama wataikumbuka habari ya mshahara wa bachela. Zamani za ukoloni mfanyakazi wa Mombasa alilipwa kama mtu asiye na mke wala mtoto, akapewa nafasi ya kitanda tu, na jamaa yake ikaachwa huko shamba ijitafutie. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji huu, wa reli na wa bandari pamoja, waligoma kwa ajili ya mishahara na maisha magumu. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter, ikakiri kwamba mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja haufai, bali upimwe kwa mtu na jamaa yake. Basi neno hili la mtoto wa mfanyakazi si geni katika chama. Tofauti ni kwamba siku zile aliyeingia langoni alikuwa baba, na leo mama naye ameingia. Yuko ofisini, yuko katika usafi, yuko kwenye vyerehani vya viwanda vya nguo, na tangu 2017 yuko hata katika kichwa cha treni akiendesha. Lakini ratiba ya kazi bado yamhesabu kama bachela.

Sheria ipo. Wengi hawaijui, na tajiri hana haraka ya kuwaambia. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, yamwamuru kila mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi, chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kitu kingine cha kupozea, umeme, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Yasema pia chumba hicho kisiwe chooni. Kifungu cha 72 chasema mama anyonyeshaye apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na saa ya chakula, na muda huo, pamoja na wa kwenda na kurudi, uhesabiwe kuwa ni kazi ya kulipwa, usizidi saa moja katika kila saa nane. Si jambo jipya duniani. Mkutano wa Kazi wa Kimataifa uliokutana Washington mwaka 1919 ulikwisha kupatana kwamba mama anyonyeshaye apewe nusu saa mara mbili kila siku. Imepita miaka zaidi ya mia, na bado yuko mama anayekamua maziwa chooni, akisimama, na kuyamwaga.

Hata wakubwa hawakujitayarisha. Tarehe 7 Agosti 2019, Bibi Zuleikha Hassan, Mbunge Mwakilishi wa Kike wa Kwale, jirani zetu wa Likoni, aliingia Bungeni na mtoto wake wa miezi mitano kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumwacha. Aliamriwa atoke. Ilikuwa ni katika wiki ile ambayo dunia nzima huadhimisha kunyonyesha. Ikiwa katika nyumba inayotunga sheria mama alikosa mahali, mfagiaji wa stesheni atapata wapi bila chama?

Liko jambo la kibarua. Twasikia akina mama wakisema kwamba tumbo likionekana, jina halisomwi tena langoni. Na wajue: Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, yasema mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Kifungu cha 37 chasema kibarua ambaye siku zake za kazi za mfululizo zimefika mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mkataba wa mwezi. Kwa hiyo weka kumbukumbu ya siku zako, na ulete habari kwa mwakilishi wa chama mapema, si baada ya kujifungua.

Liko na jambo la watu wa safari. Toka Mombasa mpaka Nairobi kwa reli mpya ni kilometa 472. Mama aliye ndani ya treni hawezi kushuka kwenda kwenye chumba cha kunyonyeshea. Basi chumba peke yake hakitamfaa. Yafaa apewe kazi ya stesheni au ya ofisi mpaka mtoto akue, bila kupunguziwa mshahara wala kupotezewa cheo.

Sasa twageuka kwetu wenyewe, sisi wanaume, maana haifai kumlaumu tajiri peke yake. Wako wanaochukua zile wiki mbili na kuzimaliza barazani. Likizo ile ni ya kuchota maji, kupika, kufua, na kumbeba mtoto usiku ili mama alale. Wako na wanaonyamaza wakati dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, yanapomwagwa kwa kuwa mzee fulani amesema ni machafu. Si machafu, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Wako wanaosema mtoto wa Mombasa ana kiu kwa sababu ya joto, apewe maji. Maziwa ya mama ndiyo maji yake. Akiona kiu atanyonya zaidi. Ndugu zetu Waislamu wajua kuwa Kurani yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Tusiwaache akina mama wapigane peke yao na shangazi, jirani na kopo.

Juu ya kopo, mtu asidanganywe kwamba ni dalili ya ustaarabu. Mwaka 1939 Daktari Cicely Williams alisimama huko Singapore akawashutumu wenye kuuza maziwa ya kopo kwa matangazo yanayoua watoto wa maskini. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likatoa kanuni za kuzuia matangazo hayo, na Kenya ikaandika sheria yake mwaka 2012. Mtu akija na sampuli za bure kliniki au kazini, avunja sheria. Kopo lina kazi yake kwa mtoto ambaye daktari ameona hana njia nyingine. Mama mwenye virusi vya ukimwi naye asikimbilie kopo kwa hofu. Akitumia dawa zake kila siku barabara, hushauriwa kunyonyesha, na aulize kliniki.

Mafundisho yanasaidia, wala si maneno matupu. Katika uchunguzi wa Serikali wa 2008-09, watoto 32 katika kila mia walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 wakafika 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Kwa miaka minane hatukusogea. Akina mama wamekwisha kufundishwa. Kilichobaki kuwazuia wengi ni kazi.

Kwa hiyo twataka viongozi wetu wayapeleke haya mezani wakati wa kupatana mkataba:

1. Chumba cha kunyonyeshea kila mahali pa kazi, chenye friji na ufunguo, wala si stoo wala choo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa katika friji mpaka siku nne. Kwa joto letu hayafai kuachwa mezani.

2. Ile saa ya kunyonyesha iandikwe katika mkataba, na mama akaaye karibu apewe karatasi ya kutoka langoni.

3. Likizo ya uzazi iongezwe kwa mapatano. Miezi mitatu ni kiwango cha chini. Hakuna sheria inayomkataza tajiri kutoa zaidi.

4. Kazi nyepesi ya mahali pamoja kwa mama wa safari, bila hasara.

5. Baba asinyimwe wiki zake mbili.

6. Kila tawi liite mwuguzi wa kliniki, awafundishe wanaume na wanawake pamoja.

Hayo ya sita hayangoji tajiri. Tawi lolote laweza kuyaanza mwezi huu, kwa barua moja tu kwa hospitali ya Port Reitz au ya Likoni. Makatibu wa matawi wafanye hivyo. Na kila mwanachama ambaye mkewe, dada yake au mwenzake kazini amenyimwa haki hizi, alete habari kwa maandishi, ataje tarehe na mahali, maana mezani tajiri hujibiwa kwa karatasi, hajibiwi kwa manung'uniko.

Umoja ni nguvu.

Mhariri